Utasa wa Namba 2 147 483 647 na Maneno ya Kuuelezea kwa Kiswahili

1. Utangulizi

Namba 2 147 483 647 haigawanyiki. Ukiigawa kwa 1 wapata yenyewe. Ukiigawa kwa yenyewe wapata 1. Ukiigawa kwa namba nyingine yoyote nzima, hapana budi kitu kibaki. Ukweli huu ulithibitishwa mwaka 1772 na Leonhard Euler, mzaliwa wa Basel nchini Uswisi, aliyekuwa mwanachama wa Chuo cha Sayansi cha Saint Petersburg nchini Urusi. Wakati huo Euler alikuwa na umri wa miaka 65 hivi, na macho yake yalikuwa karibu kuzima kabisa. Mashine ya kumsaidia kuhesabu hakuwa nayo.

Ukubwa wa namba hiyo si wa kawaida. Mtu akianza kuhesabu moja, mbili, tatu, akitaja namba moja kila sekunde, mchana na usiku bila kulala, atahitaji zaidi ya miaka 68 ili aifikie. Basi mzee asiyeona alijuaje kwamba katika msitu huo wote wa namba hakuna hata moja inayoweza kuigawa bila baki?

Makala haya yana makusudi mawili. La kwanza ni kueleza njia aliyoifuata Euler, pamoja na sifa nyingine za namba hiyo ambazo zimeipa nafasi katika mashine za leo. La pili ni kuonyesha kwamba uthibitisho huo wote waweza kusemwa kwa Kiswahili, mradi maneno yake yawekwe wazi kwanza. Mara nyingi twasikia ikisemwa kwamba Kiswahili chafaa soko, kanisa na wimbo, bali hisabati ni kazi ya Kifaransa. Katiba ya mwaka 2006 imekitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa la Kongo. Heshima hiyo haitoshi ikiwa lugha yenyewe haipewi kazi ngumu za kufanya. Tumechagua kazi moja ngumu, nayo ndiyo hii.

2. Jinsi ya kuitamka namba

Kabla ya kuichunguza namba, hatuna budi kukubaliana jinsi ya kuitamka. Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi atasema: bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, elfu mia nne themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Msomaji wa Lubumbashi, Bukavu au Kisangani, aliyepitia shule ya Kifaransa, ataanza kwa kusema miliari mbili. Wote wawili wana haki. Bilioni ya Afrika Mashariki imefuata Kiingereza, miliari ya Kongo imefuata Kifaransa, na kila moja ina maana ya milioni elfu moja.

Hatari yaingia pale neno bilioni linapovuka mpaka. Kwa Kifaransa, neno linalofanana nalo lina maana ya milioni mara milioni, yaani kiasi kinachozidi bilioni ya Dar es Salaam mara elfu. Mwanafunzi wa Kongo akisoma katika kitabu cha Tanzania kwamba namba fulani ni bilioni mbili, aweza kuandika 2 000 000 000 000 mahali pa 2 000 000 000, naye asijue kwamba amekosea. Katika makala haya tutatumia miliari, kwa kuwa ndilo neno la wasomaji wetu, nasi tutaandika tarakimu kila mara kando ya maneno.

Shida ya pili imo ndani ya Kiswahili chenyewe. Kiunganishi «na» hufanya kazi mbili katika hesabu: huunganisha makumi na mamoja, tena huunganisha maelfu na yale yanayofuata. Kwa hiyo usemi «elfu kumi na tano» waweza kuwa 15 000 au 10 005. Katika mazungumzo ya sokoni msikilizaji huelewa kwa kutazama bidhaa iliyo mbele yake. Katika hisabati hakuna bidhaa ya kutazama. Njia iliyo salama ni kutanguliza idadi pale ambapo shaka yaweza kuingia, kama vile «kumi na tano elfu», au kuweka kituo cha wazi baada ya maelfu, kama vile «elfu kumi, na tano».

Mambo haya yaweza kuonekana madogo, lakini kwa namba yetu kosa la moja tu lavunja kila kitu. Namba inayoitangulia, 2 147 483 646, yagawanyika kwa 2, kwa 3, kwa 7, kwa 11, kwa 31, kwa 151 na kwa 331. Namba inayoifuata, 2 147 483 648, si kitu ila 2 iliyozidishwa kwa yenyewe tena na tena. Iliyo katikati yao haina kigawo hata kimoja. Atakayeitamka vibaya atakuwa ametaja namba nyingine yenye tabia nyingine kabisa.

Wakongo walizoea namba kubwa kwa njia ya uchungu. Mwaka 1992 nchi yetu, iliyoitwa Zaire wakati huo, ilitoa noti ya zaire 5 000 000. Na mwaka 1993 zaire mpya moja ilibadilishwa kwa zaire 3 000 000 za zamani. Kwa wengi, milioni ilikuwa alama ya fedha inayopoteza thamani. Namba tunayoieleza hapa ni kubwa pia, lakini thamani yake haishuki kwa mwaka wala kwa soko: sifa alizozijua Euler mwaka 1772 ndizo ilizo nazo leo.

3. Neno «tasa»

Namba ambayo haina vigawo isipokuwa 1 na yenyewe huitwa katika vitabu vya shule vya Tanzania namba tasa. Mfano wake ni 2, 3, 5, 7, 11 na 13. Namba 12 si tasa, kwa maana 2 × 2 × 3 ni 12. Namba 1 haihesabiwi katika kundi hilo.

Inafaa tulitazame neno lenyewe. Kifaransa huziita namba hizi «za kwanza», kikifuata Kilatini na Kigiriki, kwa sababu nyingine zote hujengwa kwa kuzizidisha hizo. Kiswahili kimetazama upande wa pili wa jambo lile lile. Tasa ni mwenye uhai asiyezaa. Namba tasa ni namba ambayo ukiigawa haitoi mafungu sawa. Mafumbo haya mawili yanapingana kwa sura. Katika lile la kwanza namba hizo ni wazazi wa nyingine zote. Katika la pili ni namba zisizo na uzazi. Mwalimu anayeeleza fumbo moja tu humwacha mwanafunzi na nusu ya maana. Lazima aseme yote mawili: namba tasa haivunjiki kuwa namba ndogo zaidi, na kwa sababu hiyo hiyo ndiyo tofali ambalo kwalo namba nyingine hujengwa.

Tena kuna jambo la adabu. Katika jamii zetu neno tasa likisemwa juu ya mwanamke ni neno zito, nalo limevunja ndoa nyingi. Mwalimu afanye vema kutangulia kusema kwamba katika hesabu neno hili halina lawama wala huzuni. Hatupendekezi liachwe, kwa sababu limekwisha kukubaliwa, nalo ni fupi na wazi. Twapendekeza lielezwe.

Maneno mengine tutakayoyahitaji ni haya. Kigawo cha namba ni namba nzima inayoigawa bila baki. Kipeo ni namba iliyozidishwa kwa yenyewe: kipeo cha 5 cha 2 ni 2 × 2 × 2 × 2 × 2, yaani 32, nacho huandikwa 2⁵. Kipeo cha pili cha 9 ni 81, na kipeuo cha pili cha 81 ni 9. Namba shufwa ni ile inayogawanyika kwa 2. Namba witiri ni ile isiyogawanyika kwa 2. Maneno shufwa na witiri yametoka katika Kiarabu, na Waswahili wa pwani waliyajua kwa njia ya dini kabla hayajaingia katika vitabu vya hesabu.

4. Umbo la namba

Namba yetu haikuokotwa ovyo. Ni kipeo cha 31 cha 2, ukiondoa moja. Yaani 2³¹ − 1. Namba za umbo hili huitwa kwa jina la Marin Mersenne, mtawa wa Paris aliyeishi tangu 1588 hadi 1648.

Umbo hili laonekana vizuri ukiiandika namba kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1, kama zifanyavyo mashine za kompyuta. Hapo 3 huandikwa 11. 7 huandikwa 111. 15 huandikwa 1111. Namba yetu huandikwa kwa tarakimu 1 thelathini na moja mfululizo, bila sifuri hata moja.

Sasa tazama 1111, yaani 15. Moja hizo nne zaweza kupangwa katika mafungu mawili yaliyo sawa, 11 na 11. Kwa sababu hiyo 15 lazima igawanyike kwa 11, yaani kwa 3. Vivyo hivyo 111111, yaani 63, yaweza kupangwa mbili mbili au tatu tatu, nayo yagawanyika kwa 3 na kwa 7. Kila mara idadi ya moja inapoweza kupangwa katika mafungu sawa, namba nzima hugawanyika. Ili 2ⁿ − 1 iwe tasa, ni sharti n yenyewe iwe tasa. Namba 31 ni tasa, kwa hiyo njia hiyo ya kuivunja imefungwa.

Lakini kufunga njia moja si kufunga njia zote. Namba 11 ni tasa pia, hata hivyo 2¹¹ − 1, yaani 2047, si tasa: ni 23 × 89. Sharti hilo ni la lazima, lakini halitoshi.

5. Uthibitisho wa Euler

Njia ya wazi ya kujua kama namba ni tasa ni kuigawa kwa kila namba tasa iliyo ndogo kuliko kipeuo chake cha pili. Hakuna haja ya kupita hapo, kwa maana kigawo kikubwa hufuatana daima na mwenziwe aliye mdogo. Kipeuo cha pili cha 2 147 483 647 kimo kati ya 46 340 na 46 341. Chini ya hapo pana namba tasa 4 792. Migawanyo 4 792 kwa mkono ni kazi ya miezi, na kosa moja laweza kuiharibu yote. Euler alitafuta kwanza kujua kigawo, kama kipo, kingekuwa na sura gani.

Chukua namba tasa 7. Andika vipeo vya 2: 2, 4, 8, 16, 32, 64. Gawa kila kimoja kwa 7 na uandike baki: 2, 4, 1, 2, 4, 1. Mabaki yanazunguka kama siku za juma, na mzunguko wao una hatua 3. Pierre de Fermat alitaja mwaka 1640 kanuni ambayo Euler mwenyewe alikuja kuchapisha uthibitisho wake: kwa namba tasa yoyote p isiyo 2, hatua ya p − 1 huleta daima baki 1. Kwa 7, hatua ya 6 yaleta 1, kama tulivyoona. Kwa hiyo urefu wa mzunguko huigawa p − 1 bila baki. Hapa 3 yaigawa 6.

Tuseme sasa kwamba kuna namba tasa p inayoigawa 2³¹ − 1. Maana yake ni kwamba 2³¹ ikigawanywa kwa p, baki ni 1. Basi hatua ya 31 imerudi kwenye 1, na urefu wa mzunguko lazima uigawe 31. Lakini 31 ni tasa. Urefu huo ni 1 au ni 31. Hauwezi kuwa 1, kwa sababu hapo p ingeigawa 2 − 1, yaani 1, jambo lisilowezekana. Kwa hiyo urefu ni 31, na 31 huigawa p − 1. Tena 2³¹ − 1 ni witiri, kwa hiyo p ni witiri, na p − 1 ni shufwa. Namba inayogawanyika kwa 31 na kwa 2 hugawanyika kwa 62. Tumepata sheria ya kwanza: kigawo chochote kilicho tasa cha 2³¹ − 1, kikigawanywa kwa 62, hubakisha 1.

Tuijaribu sheria hiyo kwa 2047, ambayo kipeo chake ni 11. Vigawo vyake vikigawanywa kwa 22 lazima vibakishe 1. Kweli, 23 ni 22 na 1. Na 89 ni 88 na 1.

Sheria ya pili yatokana na vipeo vya pili. Kwa kuwa 2³¹ hubakisha 1, basi 2³² hubakisha 2. Na 2³² ni kipeo cha pili cha 2¹⁶. Kuna basi kipeo cha pili ambacho kikigawanywa kwa p hubakisha 2. Jambo hili haliwezekani kwa kila namba tasa. Ukigawa vipeo vya pili kwa 5, mabaki ni 0, 1 na 4 tu, wala 2 haitokei kamwe. Bali kwa 7 hutokea, kwa maana 9 hubakisha 2. Na kwa 17 hutokea, kwa maana 36 hubakisha 2. Kanuni yake, ambayo hatutaithibitisha hapa, ni kwamba hutokea kwa zile namba tasa witiri tu ambazo zikigawanywa kwa 8 hubakisha 1 au 7.

Ukiziunganisha sheria hizo mbili, kigawo lazima kiwe na mojawapo ya sura mbili: 248k + 1, au 248k + 63. Chini ya 46 341 namba za sura hizo ni 373 pekee, nayo 63 yenyewe yatoka mara moja kwa kuwa si tasa. Zimebaki 372, na nyingi kati ya hizo nazo si tasa. Euler alizipitia, hakupata hata moja inayoigawa namba yake, akaandika matokeo hayo katika barua kwa Bernoulli. Sheria mbili zilikuwa zimepunguza kazi ya migawanyo 4 792 hadi isiyozidi 372.

Msomaji aweza kuona nguvu ya njia hii kwa mfano mdogo. Je, 2¹³ − 1, yaani 8191, ni tasa? Kipeuo chake cha pili hakifiki 91. Kigawo lazima kibakishe 1 kikigawanywa kwa 26: 27, 53 au 79. Tena lazima kibakishe 1 au 7 kikigawanywa kwa 8: 27 yabakisha 3, 53 yabakisha 5, 79 yabakisha 7. Imebaki 79 peke yake. Gawa 8191 kwa 79: wapata 103, na baki ni 54. Mgawanyo mmoja umetosha; 8191 ni tasa.

6. Madai yasiyo na uthibitisho

Historia ya namba hizi yaonyesha kwa nini uthibitisho wahitajika. Pietro Cataldi wa Bologna alijua tangu 1588 kwamba vipeo 17 na 19 vyatoa namba tasa, naye alikuwa na haki. Akadai kwamba 23, 29, 31 na 37 vyatoa pia. Mwaka 1640 Fermat alionyesha kwamba 2²³ − 1 yagawanyika kwa 47, na 2³⁷ − 1 yagawanyika kwa 223. Mwaka 1738 Euler akaonyesha kwamba 2²⁹ − 1 yagawanyika kwa 233. Katika madai hayo manne, la 31 peke yake lilikuwa la kweli.

Mersenne naye mwaka 1644 alitoa orodha ya vipeo hadi 257: 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257. Vizazi vilivyofuata viligundua makosa matano: 67 na 257 havistahili kuwamo, na 61, 89 na 107 vilisahauliwa. Mwaka 1903 Frank Nelson Cole wa Marekani alionyesha kwamba 2⁶⁷ − 1 ni 193 707 721 × 761 838 257 287.

Msomaji wa Kongo huenda akauliza habari za mfupa wa Ishango, uliochimbuliwa mwaka 1950 na Mbelgiji Jean de Heinzelin karibu na mahali mto Semliki unapotoka katika ziwa Edward, na ambao umehifadhiwa Bruxelles. Katika safu moja ya mfupa huo zimo chanjo 11, 13, 17 na 19, yaani namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20. Wengine wamesema kwamba aliyeuchanja alijua utasa. Twaona ni vema kusema kidogo kuliko kuzidisha. Mfupa huo ni ushahidi kwamba watu wa bonde letu walihesabu na kuweka kumbukumbu maelfu ya miaka iliyopita. Lakini mtu hujua utasa anapojua kugawa na kutazama baki, na chanjo nne hazionyeshi kugawa. Kanuni ile ile inayomhukumu Mersenne ndiyo itumike kwetu pia: orodha pekee haithibitishi.

7. Sifa nyingine na kazi za leo

Tangu zama za Euklides, katika kitabu cha tisa cha Misingi, yajulikana kwamba namba tasa ya umbo hili huzaa namba kamilifu, yaani namba iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vyote isipokuwa yenyewe. Tasa 3 yatoa 6, ambayo ni 1 + 2 + 3. Tasa 7 yatoa 28, ambayo ni 1 + 2 + 4 + 7 + 14. Tasa yetu ikizidishwa kwa 2³⁰ yatoa namba kamilifu 2 305 843 008 139 952 128. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba hakuna mtu atakayepata iliyo kubwa kuliko hiyo, kwa kuwa mambo haya ni ya kushangaza tu na hayana faida. Utabiri huo ulianguka kwa pande zote mbili.

Kwanza, kubwa zaidi zilipatikana. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alithibitisha utasa wa 2¹²⁷ − 1, yenye tarakimu 39. Mwaka 1952 mashine ya kompyuta ilianza kushika kazi hiyo. Mnamo Oktoba 2024 ilitangazwa kwamba Luke Durant wa Marekani amepata namba tasa ya umbo hilo hilo ambayo kipeo chake ni 136 279 841. Tarakimu zake ni 41 024 320.

Pili, faida ilionekana. Katika mashine nyingi namba nzima huhifadhiwa katika nafasi 32 za 0 na 1. Nafasi moja huonyesha kama namba ni chanya au hasi; zimebaki 31. Nafasi hizo zote zikijazwa 1, namba iliyoandikwa ni 2 147 483 647, nayo ndiyo kubwa kuliko zote zinazoweza kuingia. Mifumo mingi ya kompyuta huhesabu wakati kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970. Ile inayotumia nafasi 32 itajaa tarehe 19 Januari 2038, saa ambayo Lubumbashi itakuwa saa kumi na moja alfajiri na dakika 14 na sekunde 7. Sekunde inayofuata, mfumo ambao haukurekebishwa utasoma mwezi wa Desemba 1901. Tukumbuke kwamba jambo hili latokana na umbo la namba wala si na utasa wake.

Utasa wenyewe una kazi nyingine. Mwaka 1969 Lewis, Goodman na Miller walipendekeza njia ya kuifanya mashine itoe namba zinazofanana na zile za bahati nasibu, na mwaka 1988 Park na Miller waliipendekeza tena. Anza na 1. Zidisha kwa 16 807, gawa kwa 2 147 483 647, shika baki. Kisha zidisha baki hilo kwa 16 807 na uendelee. Yatoka 16 807, kisha 282 475 249, kisha 1 622 650 073, na kadhalika. Kwa kuwa mgawaji ni tasa, sifuri haitokei kamwe, na mzunguko hupita katika namba zote tangu 1 hadi 2 147 483 646, kila moja mara moja tu, kabla ya kurudi mwanzo. Namba 16 807 ni kipeo cha 5 cha 7. Imethibitishwa kwamba 7 ina uwezo wa kuzipitia namba hizo zote, na 5 haiuharibu uwezo huo kwa kuwa haimo katika vigawo vya 2 147 483 646 tulivyovitaja katika sehemu ya pili. Njia hii hutumika kwa majaribio ya kisayansi; haifai kulinda siri, kwa sababu anayejua baki moja aweza kuyajua yote yanayofuata.

8. Hitimisho

Uthibitisho tulioueleza haukuhitaji neno lolote lisilo na mahali katika Kiswahili. Ulihitaji kigawo, baki, kipeo, mzunguko, shufwa, witiri na tasa. Pale lugha yetu ilipoleta shaka, yaani katika bilioni, katika kiunganishi «na» na katika fumbo la utasa, dawa ilikuwa kueleza wazi, wala si kukimbilia lugha nyingine. Kifaransa nacho kina mafumbo yake, ila wanafunzi wetu huyapokea bila kuyauliza.

Kwa walimu wa Kiswahili na wa hisabati twapendekeza mambo matatu: namba kubwa iandikwe daima kwa tarakimu kando ya maneno, miliari na bilioni zifafanuliwe kila zinapotumika, na istilahi zifundishwe pamoja na tendo linalozihalalisha, si kwa kukariri.

Kwa tendo hilo, tunamwachia msomaji zoezi. Namba 2¹⁷ − 1 ni 131 071, na kipeuo chake cha pili kinazidi 362 kwa sehemu ndogo sana. Anayegawa bila sheria atahitaji kujaribu namba tasa 72. Anayezitumia sheria mbili za Euler ataona kwamba zimebaki tatu tu: 103, 137 na 239. Azigawe mwenyewe aone mabaki.